Mpaka Ukifungwa, Mradi Uendelee: Mwongozo Kamili wa Miradi ya Umma ya Kenya na Uganda Wakati wa Janga

Machi 2020 Uganda ilipofunga mipaka yake kwa abiria, malori ya mizigo yaliendelea kuvuka Busia na Malaba. Wasimamizi wengi wa miradi hawakulitilia maanani jambo hilo. Walisikia "mpaka umefungwa", wakasimamisha kila kitu na kuketi kungoja tangazo. Kumbe mpaka ulikuwa umegeuka chekecheke: watu walizuiwa, mizigo ikapita kwa kusuasua, fedha zikapita kama kawaida, na takwimu zikapita bila hata kuulizwa kitambulisho. Mradi uliopangwa kana kwamba vyote hivyo ni kitu kimoja ulilala.

Mwongozo huu ni wa wanaoendesha au kusaidia miradi ya fedha za umma inayovuka mpaka wa magharibi mwa Kenya: fedha za kaunti au serikali kuu, fedha za Jumuiya ya Afrika Mashariki kupitia taasisi kama Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria yenye makao Kisumu, au ruzuku za wafadhili. Usidhani mambo haya yalikwisha na korona. Ebola ilipozuka Mubende Septemba 2022, na mpox ilipogunduliwa kwa msafiri mpakani Taveta mwaka 2024, maswali yaliyoulizwa ofisini yalikuwa yale yale.

Pasua mpango wa kazi

Chukua mpango wa kazi wa mwaka. Kando ya kila shughuli andika herufi ya kile ambacho lazima kivuke mpaka ili shughuli hiyo ifanyike: W kwa watu, M kwa mizigo, F kwa fedha, T kwa takwimu, S kwa sahihi. Shughuli moja inaweza kuwa na herufi tatu. Kupima maji ya mto Sio kwa timu kutoka Kisumu ni W, M na T. Malipo ya wakusanyaji takwimu wa Tororo ni F na S. Ripoti ya robo mwaka ni T na S tu.

Kisha tazama zenye W. Kila moja iulize swali hili: ni nani yuko upande wa pili anayeweza kuifanya bila mtu wetu kuvuka? Ukipata jibu, futa W. Mradi wa kawaida wa maji au uvuvi ukifanyiwa zoezi hili hubaki na W chache kuliko mtu anavyodhani, kwa sababu safari nyingi zilikuwa za mazoea. Mafunzo ya siku tatu hotelini Mbale kwa watu 30 yanaweza kuwa mafunzo mawili ya watu 15, moja Busia ya Kenya na jingine Busia ya Uganda, kwa mwongozo uleule na mtihani uleule.

Zisizofutika, kama ukaguzi wa pamoja wa wahandisi au kukabidhiana mradi, ziweke kwenye orodha yake. Hizo ndizo utakazoziombea muda baadaye, na usiombee muda nyingine zaidi ya hizo.

Saa 72 za kwanza

1. Pata tangazo lenyewe: gazeti rasmi la serikali, taarifa ya wizara iliyotiwa sahihi, au hotuba iliyochapishwa na ofisi iliyoitoa. Hifadhi nakala na uandike tarehe na saa linapoanza kufanya kazi. Picha iliyozunguka WhatsApp haikubaliwi na mkaguzi wa hesabu, na mara nyingi tarehe yake si sahihi.

2. Jua kila mtu yuko upande gani. Jina, mahali alipo, kitambulisho au pasi anayotumia, dawa anazohitaji kila siku, pesa alizo nazo. Kwa waliokwama ng'ambo, amua siku hiyo hiyo kama wanarudi au wanabaki, na uandike kiwango cha posho na siku itakapokoma. Posho ya safari isiyo na mwisho ndiyo hoja ya ukaguzi inayojirudia kuliko zote.

3. Orodhesha kila kitu kinachoisha muda katika siku 90 zijazo: vitendanishi vya maabara, bima ya magari, dhamana ya benki ya mkandarasi, leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya sayansi na teknolojia ya Kenya (ya mwaka mmoja), vibali vya upande wa Uganda, vifaa vilivyoingizwa kwa muda, mikataba ya vibarua.

4. Tuma barua ya taarifa kwa mfadhili, kwa mshirika na kwa kila mkandarasi. Mfano uko hapa chini.

5. Usimwandikie mkandarasi "simamisha kazi".

Hiyo ya tano inahitaji maelezo kwa sababu imegharimu serikali pesa nyingi. Mkandarasi akisimama kwa sababu sheria ya nchi imemzuia, hilo ni suala la tukio lisilozuilika (force majeure), na kwa kawaida hupata muda zaidi, si pesa. Mwajiri au mhandisi wake akimwamuru asimame ilhali sheria haijamzuia, hapo ni kusimamishwa kwa amri ya mwajiri, na mkandarasi ana haki ya kudai muda pamoja na gharama: mashine zilizokaa, walinzi, mishahara ya kambi. Mwaka 2020 kafyu ya Kenya iliyoanza Machi 27 ilizuia watu kutembea usiku. Haikuzuia ujenzi wa mchana. Barua sahihi ingemtaka mkandarasi aeleze kazi gani inaweza kuendelea chini ya masharti mapya, na alete mpango uliorekebishwa.

Barua ya taarifa

Iwe ukurasa mmoja, iwe na mambo sita: tukio, tarehe, kifungu cha mkataba, kazi zilizoguswa, hatua mnazochukua kupunguza hasara, na tarehe ya taarifa inayofuata. Hivi:

"Tunawaarifu, kwa mujibu wa kifungu cha … cha mkataba namba …, kwamba kuanzia tarehe … kuvuka mpaka kwa watu katika vituo vya Busia na Malaba kumezuiwa kwa amri ya serikali (nakala imeambatishwa). Shughuli 2.3 na 4.1 haziwezi kufanyika kama zilivyopangwa. Shughuli 1.2, 2.1 na 3.4 zinaendelea kwa timu zilizo kila upande. Tumefuta vyumba vya hoteli na kudai marejesho. Gharama zilizokwisha kulipwa na zisizorejeshwa zitaorodheshwa kando. Tutawaandikia tena kabla au ifikapo tarehe …, hata kama hali haijabadilika."

Maneno "hata kama hali haijabadilika" yasiachwe. Mfadhili huvumilia mradi uliokwama. Asichovumilia ni miezi minne ya kimya ikifuatwa na ombi la dharura wiki mbili kabla ya mkataba kuisha. Mikataba ya ruzuku za utafiti za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, inataka taarifa ya tukio lisilozuilika itolewe bila kuchelewa, na anayechelewa hujikuta akieleza kuchelewa kwake badala ya kueleza janga.

Siku zinazohesabika

Mikataba mingi ya ujenzi inayogharimiwa na benki za maendeleo katika ukanda huu hufuata masharti ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri. Angalia kwanza ni toleo gani, la 1999 au la 2017, kwa kuwa baadhi ya siku zinatofautiana.

Katika matoleo yote mawili, taarifa ya tukio lisilozuilika hutolewa ndani ya siku 14 tangu uliposikia au ulipopaswa kusikia. Taarifa ya madai ni siku 28, na anayepitisha siku hizo anaweza kupoteza dai lote. Maelezo kamili ya dai ni siku 42 kwa toleo la 1999 na siku 84 kwa la 2017. Kazi ikizuiwa siku 84 mfululizo, au vipindi mbalimbali vikijumlishwa vikazidi siku 140 kwa tukio lile lile, upande wowote una haki ya kusitisha mkataba. Weka siku ya 70 kwenye kalenda kwa wino mwekundu. Hapo ndipo pa kuketi na mkandarasi, si siku ya 83.

Wahasibu wengi hawajui kwamba chini ya toleo la 1999 ugonjwa haumo katika matukio yanayompa mkandarasi fidia ya gharama. Humpa muda tu. Lakini kuna kifungu kingine, cha mabadiliko ya sheria. Serikali ikitoa kanuni mpya baada ya zabuni inayopandisha gharama, kama vile vipimo vya lazima kwa wafanyakazi au idadi ndogo ya watu garini, dai la pesa linaweza kupitia hapo. Mkandarasi mwerevu atapitia mlango huo. Andaa rekodi zako mapema: wafanyakazi walikuwa wangapi kabla, wangapi baada, safari ngapi za gari kwa siku.

Upande wa Kenya, kubadilisha mkataba wowote wa umma huongozwa na kifungu cha 139 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015. Bei haipandishwi ndani ya miezi 12 ya kwanza tangu mkataba utiwe sahihi, na mabadiliko yote yakijumlishwa hayaruhusiwi kuongeza zaidi ya asilimia 25 ya bei ya awali. Kwa mkataba wa shilingi milioni 40, ukomo ni milioni 10 kwa jumla, si kwa kila mabadiliko. Wapo waliofanya mabadiliko matatu ya asilimia 10 kila moja, yote yakiwa na barua nzuri, na yote matatu yakazua hoja ya ukaguzi.

Kuhamisha fedha ndani ya bajeti nako kuna kuta zake. Fedha zilizoidhinishwa kwa maendeleo haziwezi kugeuzwa zikanunue barakoa na mafuta ya gari. Huhamishiwa matumizi mengine ya maendeleo. Usitegemee kwamba "ni dharura" itatosha. Na kwa kuwa mwaka wa fedha wa Kenya na Uganda huisha Juni 30, fedha za kaunti ambazo hazijatumika hurudi kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti. Ukiona kufikia mwishoni mwa Machi kwamba shughuli haitafanyika, peleka ombi la bajeti ya ziada Aprili. Mei mlango huwa unafungwa, na Juni kila mtu ofisini anakimbiza malipo.

Kazi ya nyanjani, timu mbili mto mmoja

Hapa ndipo mradi unapookolewa au kuharibiwa kimyakimya. Mto Sio karibu na ziwa, na mto Malaba kaskazini yake, ni mpaka wenyewe. Hiyo ni bahati: ukingo mmoja uko Kenya, mwingine Uganda, na timu mbili zinaweza kupima maji yale yale bila mtu kulowesha mguu ng'ambo. Tatizo ni kwamba timu mbili zenye vifaa viwili hutoa majibu mawili, na mwisho wa mwaka hakuna anayejua kama tofauti ni ya mto au ya maabara.

Dawa yake ni mambo matatu, na yafanyike kabla takwimu ya kwanza haijaandikwa.

Kwanza, vifaa visomeke sawa. Kila asubuhi timu zote mbili zirekebishe kipimo cha pH kwa vimiminika vya 4, 7 na 10 kutoka toleo moja la kiwanda, na namba ya toleo iandikwe. Kipimo kikisoma 7.3 kwenye kimiminika cha 7 baada ya kurekebishwa, safisha elektrodi na urudie. Kikikataa tena, siku hiyo pH haiandikwi. Afadhali nafasi tupu kuliko namba ya uongo.

Pili, muda na baridi. Sampuli za bakteria ziwekwe kwenye barafu mara moja, chini ya nyuzi 10, na zifike maabara ndani ya saa 6. Saa 24 ndio ukomo. Sanduku la baridi la lita 20 hubeba chupa 12 za mililita 500 na vibonge 6 vya barafu. Zaidi ya hapo vibonge havitoshi, na chupa za juu zinapata joto. Kutoka Busia hadi Kisumu ni zaidi ya kilomita 100, na wakati wa janga kuna vizuizi vya polisi barabarani. Timu ikianza kuchota saa nne asubuhi, sampuli zinafika saa kumi jioni maabara ikifungwa. Anzeni saa kumi na mbili na nusu alfajiri, kafyu ikiwa imeisha, na dereva awe na barua inayotaja maneno "sampuli za maji, zinaharibika".

Tatu, sampuli pacha. Kwa kila sampuli 10, moja igawanywe. Chota ndoo ya lita 10, koroga, jaza chupa mbili kwa zamu, nusu hii nusu ile, hadi zijae. Chupa moja iende maabara ya Kenya, nyingine ya Uganda. Watu hawavuki lakini chupa ni mzigo: hupitishwa kituo cha pamoja cha mpakani Busia kupitia wakala wa forodha, na barua isemayo kuwa ni sampuli isiyo na thamani ya kibiashara. Sampuli ya bakteria haitastahimili safari hiyo. Tumia fosfati au naitreti iliyochujwa na kugandishwa.

Majibu yakirudi, toa ndogo kutoka kubwa, gawanya kwa wastani wa mbili hizo. Maabara moja ikisema 0.42 na nyingine 0.50 za miligramu kwa lita, tofauti ni 0.08, wastani ni 0.46, jibu ni asilimia 17. Chini ya 20 endeleeni. Juu ya hapo, simamisheni uchambuzi wa kipimo hicho tu, na mtafute sababu. Mara nyingi ni kichujio tofauti: mmoja anatumia tundu la mikromita 0.45, mwenzake anachuja kwa karatasi ya kawaida.

Kwa utafiti wa kaya, ajirini wakusanyaji kutoka kijiji chenyewe. Wasamia wako pande zote za Busia na Wateso pande zote za Malaba, kwa hiyo dodoso la Kisamia au Kiteso lililojaribiwa upande mmoja hufaa upande wa pili, isipokuwa majina ya utawala na vipimo: "lokesheni" ya Kenya si "parokia" ya Uganda, na debe la mahindi hupimwa kwa mazoea ya kila soko. Wekeni orodha ya maneno hayo ukurasa wa kwanza. Mahojiano ya simu yasizidi dakika 20; baada ya hapo watu hujibu "ndiyo" kwa kila kitu ili wakate. Sikilizeni upya asilimia 10 ya mahojiano, kwa ridhaa ya mhojiwa iliyorekodiwa mwanzoni. Nchi zote mbili zina sheria za kulinda data za mwaka 2019, na taarifa za afya ya mtu zinalindwa zaidi ya nyingine. Orodha ya waliopimwa ugonjwa isiingie kabisa kwenye kompyuta ya mradi.

Mizigo Malaba

Masika ya 2020 foleni ya malori Malaba ilifika makumi ya kilomita kwa sababu madereva walikuwa wakingoja majibu ya vipimo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha baadaye mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia madereva, na cheti cha vipimo cha dereva kikawa halali kwa siku 14. Funzo kwa msimamizi wa mradi ni la hesabu: ukiagiza vifaa, uliza cheti cha dereva kinaisha lini, kisha ulinganishe na siku za safari ya kwenda na kurudi. Dereva mwenye siku 3 zilizobaki atakwama, nayo mizigo yako itakwama naye.

Vitendanishi vyenye kuhitaji baridi visipande lori la kawaida lisilo na jokofu, hata msafirishaji akiapa. Vigawe mara mbili visafiri kwa nyakati tofauti. Sanduku lote likiharibika njiani utakuwa umepoteza nusu, si mwaka mzima.

Jingine linalosahaulika: vifaa vya kupimia vilivyovushwa kwa kibali cha muda. Sheria ya forodha ya Jumuiya inataka virudishwe ndani ya miezi 12. Boti, mitambo ya kupima kina cha maji na mizani ikikwama ng'ambo mwezi wa 11 wa kibali, sheria haijali janga. Siku ya 366 inadaiwa ushuru. Mwandikie kamishna wa forodha mwezi wa tisa wa kibali, ukiambatisha tangazo la kufungwa kwa mpaka.

Fedha

Masurufu ya safari nchini Kenya hurejeshewa hesabu ndani ya siku 7 za kazi tangu mtumishi arudi kituoni. Safari ikifutwa, fedha zirudi mara moja. Usikubali "nitaishika kwa safari ijayo", kwa maana safari ijayo ikija baada ya miezi minane ukaguzi utakuwa umeshapita na jina la mtu huyo limeandikwa.

Malipo ya nyanjani yageuzwe kuwa ya simu. Machi 2020 kiwango cha kutuma kwa mara moja kwa M-Pesa kilipandishwa kutoka shilingi 70,000 hadi 150,000, na tangu hapo hakuna sababu ya kubeba bahasha. Wakusanyaji 24 wakilipwa shilingi 1,200 kwa siku 5 ni shilingi 144,000. Ongeza ada ya kutoa pesa, na iandikwe mstari wake, isifichwe ndani ya posho. Kabla ya malipo ya kwanza tuma shilingi 10 kwa kila namba na ulinganishe jina linalojitokeza na kitambulisho. Kati ya watu 24 watatu au wanne watakuwa wanatumia laini ya mke, mume au ndugu. Hao wasajili laini yao wenyewe. Ni usumbufu wa siku moja, lakini malipo kwa jina lisilo kwenye mkataba ni usumbufu wa miaka.

Upande wa Uganda lipa kwa akaunti ya mshirika aliye huko, naye alipe kwa simu za huko. Kubalianeni kiwango cha kubadilisha fedha kwa sentensi moja: kiwango cha kati cha benki kuu ya nchi iliyotuma, cha siku fedha zilipotumwa. Bila sentensi hiyo utaona hivi: vocha ya shilingi 2,800,000 za Uganda, kwa kiwango cha 28, ni shilingi 100,000 za Kenya, kwa kiwango cha 29 ni 96,552. Shilingi 3,448 zinapotea hewani kwa vocha moja, na kila mhasibu ana kiwango chake.

Sahihi na vikao

Kenya ilitambua sahihi za kielektroniki wazi zaidi kupitia marekebisho ya sheria za biashara ya Machi 2020, na Uganda ina sheria yake tangu 2011. Hata hivyo picha ya sahihi iliyobandikwa kwenye faili ya Word si sahihi ya kielektroniki. Tumieni mfumo unaoacha alama ya nani, lini na kwa barua pepe gani. Kamati ya uongozi ipitishe azimio moja mapema, kabla ya janga lolote, kwamba vikao vya mtandaoni vinahesabika, akidi ni ileile, na uamuzi kwa barua pepe ni halali wajumbe wakijibu ndani ya siku 5. Kikao kisizidi dakika 90. Makabrasha yatumwe yakiwa chini ya megabaiti 5. Afisa aliye katika mji wa Sio Port, ziwani, anayapokea kwa simu, si kwa waya wa ofisi ya Nairobi.

Baraza la kijiji halihamii Zoom. Tumieni redio ya lugha ya nyumbani, mawimbi hayana forodha, na namba moja ya kupokea maswali kila upande.

Faili la mkaguzi

Taarifa za hesabu za Kenya hupelekwa kwa Mkaguzi Mkuu ndani ya miezi mitatu baada ya Juni 30, maana yake mwisho wa Septemba. Kwa kila shughuli iliyoguswa fungueni jalada lenye tangazo, barua ya taarifa, jibu la mfadhili, ushahidi wa kudai marejesho na kumbukumbu za saa za kazi. Hoteli ikitoa vocha badala ya pesa, vocha ni mali ya mradi. Iandikwe kwenye rejista pamoja na tarehe ya kuisha. Mfanyakazi aliyelipwa mshahara wakati kazi imelala aonyeshe alichofanya, hata kama ni kusafisha takwimu za miaka miwili iliyopita, kazi ambayo kwa kweli kila mradi huidai.

Omba msimu, usiombe miezi

Wengi huhesabu hivi: tulipoteza miezi minne, tunaomba minne. Kwa mradi wa maji, kilimo au malaria katika bonde la ziwa hesabu hiyo ni mbovu. Mvua za masika ni Machi hadi Mei, za vuli ni Oktoba hadi Desemba. Ukipoteza masika na kuongezewa miezi minne kuanzia Julai, utapata kiangazi na mwanzo wa vuli, masika hutayapata. Ombi sahihi linasema: tumekosa msimu mmoja wa masika, tunaomba hadi Juni mwaka ujao, miezi minne tu kati ya hiyo ndiyo ya kazi ya nyanjani, mingine wafanyakazi watakuwa nusu ya muda. Weka jedwali la gharama kwa mwezi ili mfadhili aone kwamba bajeti haizidi.

Lakini msimu nao unaweza usifanane na mwingine. Masika ya 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, juu kuliko rekodi ya 1964, na Budalangi ikafurika. Mradi uliopanga kulinganisha 2019 na 2021 ukaruka 2020 ulihitaji kueleza nyanda zilizokuwa chini ya maji katikati. Kama timu za nyanjani haziwezi kutoka, angalau mlinzi wa kituo cha kupimia mto aendelee kusoma rula saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, aandike kwa mkono, apige picha na kutuma. Posho yake ni ndogo kuliko mstari wowote kwenye bajeti. Mlipeni kwanza, kila Ijumaa, na simu yake iwe na salio.

Mpaka ukifunguliwa, wiki mbili za kwanza wavuke mafundi wa kurekebisha vifaa na mhasibu wa kulinganisha vocha. Viongozi na wapiga picha wafuate baadaye.